Kamati Yetu ya Nyuma ya Pazia

Saada mwanangu,

Utaikuta barua hii juu kabisa ya sanduku, juu ya leso zako. Isome melini, kabla hujashuka Unguja. Sitaki uisome ukiwa umeshaingia nyumbani kwa watu, kwa sababu inahusu nyumba hiyohiyo unayokwenda kushukia.

Sikuandikii habari za kwinini, wala za kujifunika upepo ukivuma sitahani, wala za nguo zipi zifuliwe peke yake. Hayo umeyasikia tangu Jumatatu mpaka umechoka. Juzi ulinijibu "Naam mama" kabla sijafungua mdomo, nami nikacheka, ingawa ulinikata maini kidogo. Hivi sasa umetoka kuwaaga majirani. Najua utachelewa, kwa kuwa kila nyumba hapa Kibokoni itakukalisha na kukunywesha kahawa, basi nina nafasi mpaka Magharibi ya kusema nisiloweza kukuambia uso kwa uso. Mamako ni hodari wa kusema, ila si mambo yote.

Nakuandikia habari ya Rukia.

Ijumaa tulipokuwa tukila nilikwambia, "Usimsahau Rukia." Ulikuwa ukimtoa samaki miiba. Ukaendelea kutoa miiba mpaka ikawa hakuna mwiba tena, nawe bado wachokoachokoa. Nilikujua. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukifanya tangu mdogo, ukiona jambo si sawa na aliyelisema ni mkubwa wako. Nikajitia sikuona, nikakuongeza wali.

Sasa nakuomba ulisahau neno lile. Na si kulisahau tu, nataka nilirudishe mdomoni mwangu kama ninavyoweza.

Ulipoletewa barua na mkuu wa chuo cha walimu, nilimsomea kila aliyepita mlangoni. Nilijivuna, sikatai. Mkuu huyo, Mama Mzungu, amefika pale juzi tu, hamjui mtu, na katika walimu wote waliopita mikononi mwa chuo kile akakutaja wewe uwe msaidizi wake. Akakutaka pia umtajie wanawake watatu wa kukaa nawe na yeye kwenye kamati ya kuchagua walimu wawili wapya. Niliposoma hapo nikaona fahari. Wiki ile ile ikaja barua ya mamako mdogo Rehema, kwamba Rukia wake ameomba moja ya nafasi hizo mbili. Nikachukua kalamu papo hapo nikamjibu: "Mdogo wangu, usiwe na wasiwasi. Saada yumo ndani, na Rukia ni wetu." Nikatia stempu, nikaenda kupika.

Fikiri nimekutia wapi. Utalala kwa Rehema. Utakula chungu kimoja na Rukia, utatandikiwa kitanda naye, na asubuhi utoke ukakae kitini kumpima yeye na wanawake wengine wasiokujua wala wasiokupikia. Nami ndiye niliyekufunga kamba hiyo, mama yako, ambaye katika watu wote wa mji huu ndiye alipaswa kujua zaidi.

Nilipaswa kujua kwa sababu mimi nimewahi kukaa kwenye kamati ya namna hiyo. Hujui. Sijawahi kukusimulia, na nilipokuona waja kuulizia nilibadili mazungumzo.

Ilikuwa vita vya Wazungu ndiyo kwanza vimeanza. Kilindini manowari zimejaa, na marehemu babako alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Wewe una miaka kumi na moja. Wazazi wa mitaa hii wakaamua kufungua skuli yao ndogo ya wasichana, isiyokuwa ya serikali wala ya misheni, iwe ya dini na ya hesabu na kuandika. Bwana Shee akatoa ghorofa ya juu ya nyumba yake, ile yenye roshani iliyopinda. Alikuwa mtu mzuri. Nakuambia mapema usije ukamwona shetani, maana alitoa nyumba yake bure na vibao vya kuandikia akanunua yeye.

Ikaundwa kamati ya kumtafuta mwalimu wa kike. Wanaume watatu, Bwana Shee akiwa mwenyekiti, na wanawake wawili: mimi, kwa kuwa nilikuwa nikisomesha watoto wa kike Kurani hapa barazani kwetu, na Bi Nana. Bi Nana humkumbuki vizuri. Alikuwa mtu wa makamo ya bibi yako, mnene, mcheshi, hajasoma lolote zaidi ya Juzuu. Tukatungikiwa pazia la bafta katikati ya chumba. Wanaume walikaa upande wa roshani, sisi upande wa ngazi, na mwanamke aliyekuja kuomba kazi alikaa upande wetu. Wao walimhoji kwa kupaza sauti, yeye akajibu kwa pazia. Kwa hiyo macho ya kamati yalikuwa manne tu, ya Bi Nana na yangu. Wanaume walikuwa na masikio.

Nilipenda kukaa pale, Saada. Nimekwambia babako alikuwa amefariki. Mjane mwaka wa kwanza huonewa huruma, mwaka wa pili husahauliwa, na mimi nilikuwa naanza kusahauliwa. Halafu nikaitwa kwa Bwana Shee, nikatandikiwa zulia, nikaletewa kahawa na haluwa, na mwanamume mkubwa akauliza kwa pazia, "Bi Fatuma waonaje?" Ningekaa pale mpaka nyumba ianguke. Nakwambia hili kwa sababu wewe nawe watakuuliza waonaje, na wewe nawe utapenda. Mtu anayependa kuulizwa huanza kutafuta jibu litakalofanya aulizwe tena.

Waliokuja ni wawili. Wa kwanza Aziza, mpwa wa mke wa Bwana Shee. Mtoto mzuri wa sura na wa adabu, sauti yake ya kaswida ungetoa machozi. Bwana Shee akasema, "Huyu twamjua." Hakuulizwa kitu. Tulimpa kahawa akanywa, akatusomea kaswida, akenda zake.

Wa pili alitoka Tiwi, akikaa Majengo na mumewe aliyekuwa kuli bandarini. Buibui lake lilikuwa limepauka, ila safi. Alipokaa, Bwana Shee akauliza:

"Mwana wa nani weye?"

"Wa Hamisi, wa Tiwi."

"Hamisi yupi?"

"Hamisi mkulima, bwana. Hamumjui."

Wanaume walikuwa wakingoja ukoo, na ukoo umeishia shambani. Mmoja wao akauliza amesomea wapi. Akasema amesomeshwa na ami yake, aliyekuwa mwalimu wa skuli ya serikali, nyumbani, pamoja na wanawe wa kiume. Nikaona mambo yanakwisha, nami nikawa tayari kumwinulia sinia la kahawa, lakini yule mwanamke hakuinuka.

Akasema, "Mumeniuliza mwana wa nani. Hamkuniuliza kama najua kufunza."

Mwenyekiti akakohoa. "Haya, wajua kufunza?"

"Siwezi kuwajibu kwa mdomo. Hapa ndani mna asiyejua herufi za Kizungu?"

Bi Nana akasema, "Mimi hapa, mwanangu. Na sijafa."

Wallahi nilitaka kucheka. Yule mwanamke akavuta kibao, akasogea mpaka magoti yao yakagusana, akamuuliza jina. Aliposikia ni Nana akamwambia ana bahati, jina zima lina herufi mbili tu, na akishazijua ataziandika mara mbili basi amemaliza. Hakumshika mkono. Alimwacha akosee. Bi Nana akachora kitu kama kiti kilichovunjika, naye akamwambia kiti hicho kinakalika, kisimamishe mguu mmoja tu. Kahawa haijapoa, Bi Nana ameandika jina lake. Akaliangalia. Akaangua kicheko, kicheko cha kijana, akanipiga paja mpaka likaniuma, akasema, "Fatuma, ndiye mimi huyu!"

Upande wa pili wanaume walisikia kicheko tu. Bwana Shee akauliza, "Kuna nini huko?" Hapo ndipo nilipokuwa na kazi moja tu ya kufanya katika kamati ile: kupaza sauti na kuwaambia tulichokiona. Nikasema, "Hakuna kitu, bwana. Bi Nana achekeshwa."

Hilo ndilo kosa langu la kwanza. La pili ni baya zaidi.

Bwana Shee akatoa shauri. Akasema, "Mwalimu wa watoto wa kike ni kama mke. Hutwai mke bila kuuliza." Sote tukaona amesema kweli. Unajua sisi watu wa mji huu tunavyoulizia, mtu akija kuposa. Hatumuulizi mwenyewe. Twenda kwa jirani yake wa zamani, twajifanya tumepita tu, twasifia mtoto, twaonja chakula, halafu twatia neno dogo: na fulani, watu gani wale? Hivyo ndivyo tunavyojua kumpima mtu, hatuna njia nyingine tuliyofunzwa. Tukaitumia njia ya kuchagulia mke kuchagulia mwalimu. Na Aziza hakuuliziwa, kwa sababu "twamjua." Akauliziwa mmoja tu, yule wa Tiwi, nami ndiye niliyetumwa.

Nikenda Majengo asubuhi. Nikamkuta jirani wa mwanamke yule, muuza vitumbua, nikanunua vya sumuni, nikasifia kitoto chake kilichokuwa kimepakatwa. Nikatia lile neno dogo. Akasonya. Akasema, "Yule? Ana mdomo yule." Akaongeza kwamba mume aliye naye ni wa pili. Nikashukuru nikarudi, njia nzima nala vitumbua.

Sikuuliza "amekusemea nini?" Maneno mawili tu, yangenipa ukweli wote. Baadaye, miaka baadaye, nikajua walichogombania. Yule mwanamke alimwambia muuza vitumbua amwachie bintiye mkubwa asubuhi mbili tu kwa wiki amfunze kusoma, badala ya kutembeza sinia siku saba. Mdomo wake ndio huo, na ndio mdomo tuliokuwa tukiutafuta kwa ajili ya skuli.

Tulipokaa mara ya pili, mwenyekiti akaanza. "Mimi naona Aziza. Wenzangu mwaonaje?" Akishasema hivyo Bwana Shee, ndani ya nyumba yake, juu ya zulia lake, unadhani nani alikuwa na la kuona? Wa kwanza akaona Aziza. Wa pili akaona Aziza. Tulikuwa watano na tulikuwa mtu mmoja. Halafu akauliza kwa pazia, "Bi Fatuma, yule wa Tiwi umemuulizia?"

Nikasema, "Nimemuulizia. Ana mdomo, bwana."

Wote watatu wakasema "Ahaa" kwa pamoja. Nakwambia ukweli, niliona raha. Nilikuwa nimeleta nilichotumwa.

Kwenye ngazi, tukishuka, Bi Nana alinishika kwapani kwa sababu ya magoti yake. Akaniambia taratibu, "Fatuma, yule ana mdomo. Na Aziza ana nini?" Mpaka alipofariki, marehemu yule alikuwa akiandika jina lake kwa kaa kwenye ukuta wa jikoni kwake, na kila nilipokwenda nililiona.

Ya Aziza unayajua mwenyewe, maana ulikuwa darasani. Mtoto wa watu hakuwa na kosa. Hakuna aliyemuuliza kama aitaka kazi, na nadhani hakuitaka. Wageni wakija chini aliwaacha peke yenu. Hesabu alizipita, mkadarizi vitambaa mwaka mzima. Ulirudi nyumbani wajua kaswida saba, na barua ya ami yako kutoka Lamu ukashindwa kuisoma, ukalia. Nami nikalia, jikoni, nikasingizia vitunguu.

Sasa shika kitu, mwanangu, maana najua hapa utakasirika.

Wakumbuka nilivyokuvisha buibui langu la zamani, lililoburuta chini, nikakutoa nyumbani baada ya Alasiri kwa njia za nyuma? Wakumbuka nilivyokufunza kusema, tukiulizwa, kwamba twenda kwa fundi wa cherehani? Ulikuwa ukicheka, ukidhani ni mchezo wetu wawili. Mwanamke tuliyemwendea Majengo miaka minne, aliyekufunza kusoma na kuandika na hesabu za sehemu, uliyemlilia zaidi bandarini ulipokwenda Unguja mara ya kwanza kuliko ulivyonililia mimi, Mwalimu wako Mejumaa, ndiye yule niliyemkataa.

Niliona hafai kuwafunza watoto wa wenzangu. Wangu nikampelekea.

Na sikuishia hapo. Siku ya kwanza nilipokufikisha kwake alinitambua mara moja, maana tulikaa upande mmoja wa pazia. Nikamwambia, "Mimi nilikutaka, mwenzangu. Wanaume ndio waliokataa." Nilimdanganya nikiwa nimekushika mkono. Yeye akasema, "Naam," akakutazama, akakuuliza wapenda kuanza na herufi au namba. Ukasema namba. Basi.

Miaka tisa nimekaa na uwongo ule. Nilimpelekea mandazi ya Idi, nikamshonea, nikamuuguza alipopata homa, na kila mara nikajiambia tumelipana. Skuli ya Bwana Shee ikafungwa kabla haijatimiza mwaka wa tatu. Wenzako wengi uliokaa nao mkeka mmoja leo waletewa barua na waume zao walio safarini, na waniletea mimi niwasomee. Nawasomea. Wengine nikiwasomea siwezi kuwatazama.

Na bado juzi nilipoandika "Rukia ni wetu" nikatia stempu, kalamu haikunichoma. Hilo ndilo lililonitisha baadaye. Nilidhani nimejifunza, kumbe nilikuwa nimeona haya tu, na haya hutoka mtu akishazoea.

Sijui Rukia ni mwalimu wa namna gani. Pengine ni mzuri. Wewe nawe hujui, usijidanganye, umemwona akisuka na kupika na kucheka. Hujamwona mbele ya watoto. Mwambie mkuu wa chuo siku ya kwanza kabisa, kabla ya chai: huyu ni binti wa mama yangu mdogo, ikifika zamu yake nitatoka nje. Na utoke kweli. Si kukaa pembeni ukiangalia chini, maana kuangalia chini kwako nako ni kusema, na mtu akikutazama atajua. Akipita, apite kwa waliokuwa hawamjui. Hiyo itakuwa heshima yake Rukia, kwa sababu sasa hivi mimi ndiye niliyemvunjia.

Katika wale watatu utakaowataja, najua moyo wako utakimbilia wale rafiki zako wawili mliolala chumba kimoja chuoni. Wazuri, nawapenda, ila mkikaa watatu mtakuwa mmoja, kama sisi na Bwana Shee. Mtake mmoja aliyefunza miaka mingi mpaka amechoka na maneno matamu. Mtake mmoja asiyejuana na mtu pale mjini, hata kama ni mkunga kutoka Pemba, ambaye ukimwambia fulani ni wa ukoo fulani atakuuliza "ndiyo nini?" Na tafadhali, mwanangu, mtafute Bi Nana wako. Mwanamke mzima asiyewahi kukaa darasani, asiyeona haya kusema sijui. Mama Mzungu atashangaa. Mweleze kwamba yule ndiye atakayewaambia, kuliko nyinyi nyote wenye vyeti, kama mwombaji ajua kufunza au ajua kuongea tu.

Na wote wafunze. Mkimtaka mmoja afunze mbele yenu, wote wafunze, somo lilelile, muda uleule. Mkimuulizia mmoja kwa majirani, waulizieni wote, au msimuulizie yeyote, na lililosemwa mpeni mwenyewe alijibu. Ningemwita Mejumaa nikamwambia, "Wasema una mdomo," angenieleza habari ya yule msichana wa vitumbua, na nyinyi nyote mngekuwa watu wengine leo. Mama Mzungu asiwe wa kwanza kusema amempenda nani. Muombe kwa adabu, kila mtu aandike jina lake kwenye karatasi kwanza, mkubwa na mdogo, halafu ndipo muongee. Utaona uzito kumwambia. Mwambie hivyohivyo, ukitetemeka. Na mkishaandika, wewe hasa usinyamaze kama nilivyonyamaza, maana una tabia yangu, hunena sana penye upuuzi na hufunga kinywa penye jambo.

Najiona naandika kama khatibu wa Ijumaa. Nisamehe. Nilitaka nikusimulie tu, na ulimi wangu hauna breki.

Jana nilikwenda Majengo peke yangu. Mwalimu Mejumaa alikuwa akipepeta mchele uani. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi wa kukunia nazi, pahali pa kwanza nilipopaona, nikamwambia yote bila kumwamkia vizuri. Nikamwambia si wanaume, ni mimi. Nikamwambia neno nililolisema. Hakuacha kupepeta.

Akasema, "Nalijua, Bi Fatuma. Jirani yangu alinambia siku ile ile uliyokuja kununua vitumbua."

"Siku ile ile?"

"Hata mtaani hujatoka."

Nikauliza, "Basi mbona ukampokea mwanangu?"

Akaweka ungo chini. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali alilokwisha kujibiwa. "Mtoto hakukaa kwenye kamati," akasema.

Nililia, Saada, nikiwa nimekaa juu ya mbuzi, mtu mzima mimi. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Sikumsikia akisema amenisamehe, na sitakuongopea kwamba alisema. Alinitilia mchele kwenye kikapu nikaja nao, ndio tuliokula leo mchana, na akaniuliza meli yaondoka saa ngapi. Kesho atakuja Kilindini kukuaga. Ukisoma hapa utakuwa umeshamkumbatia; sasa wajua ulimkumbatia nani.

Kutoka kwake nikarudi nyumbani nikamwandikia Rehema. Nimempelekea kwa mkono wa serahangi, mkuu wa mabaharia wa meli ya jana, jamaa yake babako, kwa hiyo ataipata kabla yako. Nimemwambia kwamba ahadi niliyompa haikuwa yangu kuitoa, na kwamba naiondoa. Nimemwambia kosa ni langu, Saada hajui, na akiwa na hasira anitukane mimi. Sikutia maneno ya kulainisha. Nilijaribu, yakawa yanarudi kuwa ahadi nyingine.

Nina ndugu mmoja tu duniani, nawe wamjua Rehema. Alinilelea wewe nilipokuwa na eda. Aliuza vikuku vyake ili uvae viatu mwaka ule wa chuo. Hajapata kuninyima kitu, nami mara ya kwanza anayoniomba, namnyima. Pengine ataelewa. Pengine hataniandikia tena mpaka nife. Nimefikiri yote mawili na bado nimeipeleka barua, kwa sababu nilikulea wewe kwa mikono ya mwanamke niliyemdhulumu, na siwezi tena kukufanya ukamdhulumu mwanamke mwingine kwa ajili ya ndugu yangu.

Nakupenda, mama. Nilikupenda ukiwa huwezi kusoma barua ya ami yako, na nakupenda leo unayesoma hii. Mengine Mungu atakuongoza, nami niko hapa, nikingoja posta kama wale wake za mabaharia ninaowasomea.

Ukifika nyumba ya mamako mdogo, piga hodi. Akikufungulia, mbusu mkono, kisha umbusu tena kwa ajili yangu. Asipofungua, usibishe mara ya pili. Chukua sanduku uende Mkunazini kwa Bi Moza, mke wa fundi saa, mama wa yule mwenzako mliyesoma naye. Nimemwandikia pia. Atakuwa ameshakutandikia.

Mamako,
Fatuma